Saikolojia haikufikishi kwenye udaktari wa akili

"Shikamoo daktari. PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) imenishinda, nasoma saikolojia kwanza halafu nibobee niwe daktari wa magonjwa ya akili." Marahaba, mdogo wangu. Haiwezekani. Ujumbe huu naupata huku Kigoma, kutoka Ujiji hadi Kibondo, na kila mara kuna mtu mzima msomi nyuma yake aliyemshauri hivyo kijana wa watu.

Udaktari wa akili ni MD, yaani shahada ya udaktari, ya miaka 5, mwaka 1 wa utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini), kisha MMed, yaani uzamili wa kubobea, miaka 3. Mlango wa pembeni upo, ni diploma ya utabibu, nayo pia inadai Kemia. Saikolojia ni shahada ya miaka 3, hata wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anaingia. Ukitaka kutibu, ongeza uzamili wa saikolojia tiba. Dawa hutaandika. Tuendelee.

Kinachonikera hasa ni hiki: "Daktari anatoa vidonge, mwanasaikolojia anaongea." Nani kasema? Aaron Beck, mwasisi wa tiba ya kurekebisha fikra, alikuwa daktari wa akili. Dixon Chibanda wa Zimbabwe ni daktari wa akili, na ndiye aliyewafundisha bibi wa mtaani kuketi benchi moja na wenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na kuwasikiliza.

Tofauti ni mwili. Analetwa mvuvi kafungwa kamba, anapayuka tangu juzi, ndugu wanasema karogwa. Kabla sijauliza habari za sauti anazosikia, napima joto, malaria, sukari, naangalia kama shingo imekaza, nauliza anatumia dawa gani. Nikikimbilia haloperidoli, dawa ya kutuliza wazimu, na kumbe ni malaria ya kichwani, nitakuwa nimemtuliza afe kwa ustaarabu. Na kama dawa ilimfaa kweli, kesho shingo ikipinda na macho yakageuka juu, ndugu watasema shetani karudi. Ni dawa yangu hiyo, na benziheksoli, dawa ya kulegeza misuli iliyokaza hivyo, ndiyo inayomrudisha sawa.

Ila nisijitape. Skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli, haina kipimo cha damu. Naandika jina la ugonjwa kwa kusikiliza na kutazama, na mengine nayafuta baada ya mwaka. Foleni ya wagonjwa wa kifafa na ya wanaochomwa sindano ya kila mwezi ya ugonjwa wa akili ikishaisha, mama mwenye sonona ya uzazi naye anaondoka na vidonge vya sonona, amitriptilini, kwa kuwa hakuna wa kukaa naye saa nzima kila wiki. Siku nyingine naona Kigoma inamhitaji mwanasaikolojia kuliko mimi.

Kwa hiyo kama unaweza kumsikiliza mtu saa nzima bila kumkatiza wala kumhubiria, soma saikolojia, lakini uisome kwa ajili yake yenyewe. Ajira? Hospitalini nafasi ni chache. Anzia kuulizia mashirika yanayohudumia wakimbizi.