"Dirigible" haimaanishi puto lenye mifupa

Wengi huamini kwamba dirigible ni puto lenye kiunzi cha chuma ndani, kama yale ya Mjerumani Zeppelin, kwa kuwa katika neno hilo husikika neno la Kiingereza rigid, yaani "gumu". Sivyo kabisa. Asili yake ni Kifaransa, ballon dirigeable, puto linaloweza kuongozwa, na mzizi ni Kilatini dirigere, kuelekeza.

Historia yenyewe inathibitisha. Tarehe 24 Septemba 1852 Mfaransa Henri Giffard aliruka kwa puto lake kutoka Paris hadi Trappes, kilomita 27 hivi, kwa injini ya mvuke ya nguvufarasi 3. Upepo ulimzidi, akashindwa kurudi. Mwaka 1884 La France, chombo cha Renard na Krebs, kilizunguka kilomita 8 kwa dakika 23 na kutua kilipoanzia. Vyote viwili havikuwa na kiunzi kigumu. Zeppelin ya kwanza iliruka Julai 1900!

Puto lisilo na kiunzi hushika umbo kwa shinikizo la gesi. Likishuka, gesi husinyaa, hivyo rubani hujaza hewa vifuko vilivyomo ndani. Akichelewa, pua hubonyea na chombo hakiongozeki vizuri.

Hata L 59, Zeppelin ya Wajerumani iliyotumwa Novemba 1917 kumpelekea kamanda wao Lettow-Vorbeck shehena hapa Afrika Mashariki, kisha ikageuzwa ikiwa juu ya Sudan, ilikuwa na kiunzi kweli, lakini iliitwa dirigible kwa sababu ya rafadha na usukani wake.