Steringi ndio anakula mwisho

Kwenye kibanda umiza, yani banda la kuonyeshea video, cha mtaani kwetu hapa Mtwara kuna sheria haijaandikwa popote ila kila mtoto anaijua, steringi, yani mhusika mkuu wa filamu, hafi. Sasa watu wametoka nayo mpaka nje, wakiona jina moja limepita mara tatu kwenye filamu, kaigiza yeye, kaongoza yeye, prodyuza yeye, basi utasikia "huyo hela zote kazikumbatia peke yake". Mi nimebeba maiki kwenye filamu mbili za huku kwetu kwaiyo acheni niseme.

DHANA: Anafanya vyote ili asigawane hela.

Jamani, mwigizaji analipwa siku zake anasepa, anaebaki na madeni ni prodyuza. Tulishuti Mikindani mwezi wa saba, kusi linavuma sio mchezo, na huyo steringi wetu ndio alikuwa dairekta na mwenye hela, hela yenyewe ya korosho kaitunza tangu msimu. Sini ya kugombana na baba mkwe tumeimaliza jioni tukashangilia, kufika nyumbani kuvaa hedifoni ni vuuuu mwanzo mwisho, maneno husikii hata moja. Tukarudia siku mbili. Baba mkwe kalipwa upya, kamera ya kukodi ikalipwa, mama wa wali na pweza kalipwa, mimi niliyeshika hiyo maiki nikalipwa (kwa aibu lakini nilipokea), yeye pikipiki yake ikauzwa. Na msidhani ni shida za Mtwara tu, mwigizaji wa Marekani Kevin Costner na umaarufu wote ule alitia mamilioni ya dola yake mwenyewe kwenye filamu aliyoigiza na kuongoza mwenyewe, Horizon, sehemu ya kwanza ikatoka 2024 haikuvuta watu, ya pili ikaondolewa kwenye ratiba ya sinema mwaka huohuo.

DHANA: Dairekta na prodyuza si walewale tu.

Hapana. Dairekta anaamua sini ichezwe vipi, prodyuza anatafuta hela, watu na vibali, na kibali cha Bodi ya Filamu unatakiwa uwe nacho hata kama unashuti nyuma ya nyumba ya shangazi yako. Mfano mzuri ni Mmarekani Ben Affleck kwenye filamu ya Argo, kaigiza kaongoza na ni mmoja wa maprodyuza watatu. Oscar za 2013 ikawa filamu bora, tuzo ambayo wanapewa maprodyuza, kwaiyo akapanda jukwaani kuchukua, ila kwenye kipengele cha muongozaji bora hata kuteuliwa hakuteuliwa! Mtu mmoja filamu moja, kofia moja imeshinda nyingine haijaonekana.

DHANA: Huwezi kujiongoza maana hujioni.

Hapa kuna ukweli kidogo. Jamaa yetu alikuwa akimaliza kulia machozi anakimbia kwenye kamera kujitazama, anarudi analia tena, mara saba, ya saba machozi hamna. Dawa yake ni msaidizi unaemuamini anaeweza kukwambia kaka hapo umechemka. Mwigizaji wa Marekani Clint Eastwood ameanza kujiongoza 1971 na filamu yake Unforgiven ikampa Oscar mbili, ya kuongoza na ya filamu bora. Ya kuigiza aliteuliwa akakosa.

DHANA: Bila kuzaliwa Dar huwi kitu.

Steven Kanumba, yule staa wa filamu za Bongo, alizaliwa Shinyanga 1984. Hakuanza na kampuni yake, kapitia kundi la maigizo la Kaole, kacheza tamthilia za kwenye tivii, kuongoza na kutengeneza filamu zake kumekuja baadae, na mpaka anafariki Aprili 2012 alikuwa na miaka 28 tu. Ila nisiwadanganye, enzi za dividii wasambazaji walikuwa Kariakoo, na nauli ya kutoka huku kumfuata msambazaji ilikuwa inatoka mfuko uleule wa prodyuza. Sasa hivi angalau kuna YouTube.

Steringi wetu kanipigia tena juzi, anataka kushuti. Nikamwambia bro subiri mwezi wa kumi kusi likitulia, akanicheka, mwezi wa kumi utampata nani, wote wako kwenye mikorosho.