Beji ya kikosi VR-2: kusoma uzi, ukingo na mkia wa ndege

Mezani pangu ipo beji ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 8, iliyodariziwa ndege kubwa inayonyanyuka kutoka majini, na chini yake zimeandikwa herufi VR-2, jina la kikosi cha ndege za usafirishaji cha Jeshi la Wanamaji la Marekani, pamoja na miaka 1942–1945. Mteja ameniletea iwe kielelezo, kwa sababu anataka kushonewa nyingine kwa kumbukumbu ya babu yake, aliyehudumu katika kikosi hicho mwaka 1944. Aliamini kwamba hii ya kwanza ilishonwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kabla sijagusa cherehani huwa naisoma beji kwanza, mgongoni kisha usoni, na hii ilinipa mengi ya kumweleza.

Katika Jeshi la Wanamaji la Marekani, V ilikuwa alama ya ndege zilizo nzito kuliko hewa, ili zitofautishwe na zile za puto, na R ilimaanisha usafirishaji. Tarehe 12 Desemba 1941, siku tano tu baada ya shambulio la Pearl Harbor, jeshi hilo lilianzisha huduma yake ya usafiri wa anga, iliyojulikana kwa kifupi kama NATS. Kikosi VR-1 kiliundwa Norfolk mwezi Machi 1942, na VR-2 kikafuata Alameda, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, tarehe 1 Aprili. Vikosi hivi havikwenda kupiga mabomu. Vilibeba barua, vipuri, maofisa na majeruhi, na kuanzia Novemba 1944 ndege za NATS zilipeleka hata damu ya kuwaongezea majeruhi kutoka pwani ya magharibi ya Marekani hadi kisiwa cha Guam katika Pasifiki, safari ambayo meli ingeichukulia siku nyingi mno kwa kitu kinachoharibika upesi kiasi hicho. Naiheshimu sana kazi hiyo, na ndiyo maana sipendi beji yake ishonwe kwa kubahatisha.

Sasa tuigeuze. Ukingo wa beji hii umezungushiwa uzi mnene unaofanana na ovaloki ya fundi nguo, ukiishia kwenye mkia mdogo uliobandikwa nyuma kwa gundi. Beji nyingi za Marekani za wakati wa vita hazikuwa hivyo: zilidariziwa nyingi kwa pamoja kwenye kitambaa kirefu, kwa mashine kubwa za asili ya Uswisi ambazo makao yake makuu Marekani yalikuwa New Jersey, kisha kila moja ikakatwa kufuata mstari wa mshono wa nje. Ukingo wa ovaloki ulienea kwenye beji miaka ya 1960. Nilichomoa pia uzi mmoja uliokuwa ukining'inia mgongoni nikauchoma: uliyeyuka ukawa kitone kigumu, wakati pamba ingebaki majivu. Ulikuwa poliesta, na uzi huo haukuwapo sokoni wakati wa vita. Wapo wanaotosheka na kuimulika beji kwa taa ya miale ya urujuanimno na kuikataa iking'aa, wakidhani uzi wake ni wa kisasa, lakini kipimo hicho peke yake nakiona hafifu, kwa kuwa hata beji ya mwaka 1943 inaweza kung'aa ikiwa imewahi kufuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi.

Hadi hapo hakuna kosa. Ni beji ya ukumbusho, na beji ya ukumbusho ni kitu halali kabisa maadamu haiuzwi kwa jina lisilo lake. Kilichonisumbua kiko upande wa mbele, kwenye mkia wa ndege.

Ndege iliyochorwa ni Martin Mars, yenye injini nne na mabawa ya mita 61 kutoka ncha hadi ncha. Katika picha hii mkia wake una pezi moja refu la wima. Mars iliyofanya kazi vitani, ile ya kwanza kabisa iliyoitwa Old Lady, ilikuwa na mapezi mawili, moja kila upande wa mkia. Ndiyo iliyoruka Novemba 1943 kutoka Maryland hadi Natal, Brazil, karibu kilomita 7,000 bila kutua, na ndiyo iliyopelekwa VR-2 mwaka 1944 kubeba mizigo kati ya California na Hawaii. Za pezi moja zilianza kutoka kiwandani katikati ya mwaka 1945. Ya kwanza yao iliharibika katika ghuba ya Chesapeake mwezi Agosti, na wenzake wakajiunga na kikosi vita vikiwa vimekwisha. Kati ya ndege 20 za pezi moja zilizoagizwa, ziliundwa 6 tu.

Naelewa kosa lilipoanzia. Ndege za pezi moja ziliruka na VR-2 hadi mwaka 1956, na mojawapo, Marshall Mars, ilibeba abiria 301 kwa safari moja mwezi Mei 1949, kwa hiyo picha zake ndizo zilizoenea. Lakini babu wa mteja wangu, kama aliiona Mars mwaka 1944, aliiona yenye mapezi mawili.

Nilimshauri tubadilishe mchoro, naye akakubali. Jambo hilo lilidai zaidi ya kuongeza mstari mmoja. Kwa kipenyo cha sentimita 8 mapezi mawili yalisongamana, sindano ikawa inapita tundu lile lile mara nyingi hadi kitambaa kikaanza kukatika, nikalazimika kuipanua beji ifike sentimita 10. Herufi nimezipa urefu wa milimita 6, maana zikishuka chini ya 5 matundu ya R huzibwa na uzi. Bahari nimeishona kwa mishono ya kulala, na bawa kwa mishono ya mshazari, ili mwanga uyatenganishe hata pale rangi zinapokaribiana. Ukingo nitaukata kama zamani, na nyuma, kwa uzi mweupe, nitadarizi mwaka nilioishona.