Projekta ya Sinema ya Nyumbani: Lisemavyo Boksi na Ionekanavyo Picha

Kabla hujawasha projekta, tazama skrini ilivyo huku taa za sebuleni zikiwaka. Huo weupe unaouona ndio weusi wako wa usiku huo. Projekta humwaga mwanga, haina namna ya kumwaga giza. Koti jeusi la mwigizaji, anga ya usiku, kivuli nyuma ya mlango: vyote ni sehemu za skrini ambazo mashine imejitahidi kutoziangazia. Dhana nyingi potofu huanzia pale mtu anaposahau jambo hili, akadhani amenunua televisheni kubwa isiyo na kioo.

"Lumeni zikiwa nyingi, picha ndiyo hiyo nzuri." Lumeni ni kipimo cha kiasi cha mwanga. Tupige hesabu. Skrini ya inchi 100 yenye umbo la 16:9 ina upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.25 hivi, kwa hiyo eneo lake halifiki mita 3 za mraba. Chumba kikiwa giza, lumeni 500 za kweli zinaipa skrini ya kawaida nyeupe mwanga wa kiwango cha jumba la sinema. Neno zito hapo ni "za kweli". Lumeni za ANSI hupimwa mwanga ukishafika kwenye picha, sehemu tisa tofauti, kisha hutafutwa wastani. Maboksi mengine huandika mwanga wa taa kabla haujapita kwenye vioo na lenzi, ambako mwingi wake hupotelea. Ndiyo maana kijiprojekta cha kukaa kiganjani hujigamba kwa maelfu ya lumeni. Tarakimu isiyo na jina la kiwango cha upimaji, ANSI wala ISO, kando yake mimi huiona kama pambo.

Hata zikiwa za kweli, ukubwa wa skrini huzila. Upana ukiongezeka mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na kila sehemu inabaki na robo ya mwanga iliyokuwa nayo. Tena mwanga mwingi ndani ya chumba cheupe hujirudi wenyewe: unagonga skrini, unaruka hadi darini na kutani, unarudi kuuchafua weusi. Mtu mwenye bajeti finyu ningemshauri aanze na pazia zito na rangi iliyokolea kuzunguka skrini, ndipo azungumzie projekta yenye mwanga mkali zaidi.

"Boksi linasema 1080p, basi ni Full HD." Kupokea si kuonyesha. Full HD ni pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Projekta nyingi za bei ya chini zina paneli (kifaa cha ndani kinachounda picha) ya 854 kwa 480, isiyofika hata pikseli 410,000. Picha ya Full HD ikiingia humo hubanwa, na nukta nne kati ya kila tano zinapotea njiani. Hapo boksi halijasema uongo, limenyamaza tu mahali pa kusema. Unachotafuta kwenye orodha ya vipimo ni idadi ya pikseli za paneli yenyewe.

Kama huamini karatasi, jaribu kwa macho. Unganisha kompyuta kwa waya wa HDMI, iweke kwenye 1920 kwa 1080, ufungue picha ya mistari myeusi na myeupe inayopishana, kila mmoja na upana wa pikseli moja, bila kuikuza. Simama kando ya skrini usizibe mwanga, kisha inama karibu. Paneli ya Full HD itakuonyesha mistari, mmoja mmoja. Paneli ndogo itakupa kijivu kilichovurugika, chenye mawimbi.

Usiiondoe picha hiyo bado. Inua upande wa mbele wa projekta kwa kitabu ili picha ipanuke juu kuliko chini, halafu iache mashine "inyooshe" kwa programu. Mistari inaharibika papo hapo. Kunyoosha huko, ambako wengi hudhani hakuna gharama, hufanywa kwa kuibana picha ndani ya paneli na kuacha pembe zake bila kazi. Kusogeza lenzi yenyewe, kwa projekta zenye uwezo huo, hakupotezi pikseli hata moja. Na kuiweka mashine mahali pake tangu mwanzo ni bure.

"4K ya projekta za DLP ni ya kughushi." Hapa wakosoaji wamezidisha. 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya Full HD. Kiini cha DLP, mojawapo ya teknolojia za projekta, ni kijidude cha vioo vidogo mno alichokibuni Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987. Cha inchi 0.47 kina vioo 1920 kwa 1080, lakini picha husogezwa kidogo mara nne ndani ya fremu moja, na hivyo kufikisha nukta milioni 8.3. Nukta hizo hulaliana kidogo, hivyo ukali haulingani kabisa na wa paneli ya 4K halisi. Ukiwa umeketi kwenye sofa, tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile ya weusi mzuri na weusi mbaya.

Tukirudi kwenye weusi: ile "1,000,000:1" ya maboksi, yaani uwiano wa weupe kwa weusi, hupatikana kwa kulinganisha skrini nyeupe tupu na skrini nyeusi tupu, huku tundu la mwanga likifungwa au leza, ambayo baadhi ya projekta huitumia badala ya taa, ikipunguzwa kati ya kipimo kimoja na kingine. Mshumaa unaowaka gizani hauipati tofauti hiyo, kwa sababu mwanga na giza viko kwenye fremu moja.

Leza nayo "haichakai"? Inachakaa polepole. Saa 20,000 zinazotajwa kwa kawaida humaanisha muda wa kufifia hadi nusu ya mwanga.

Kuna jambo moja ambalo hakuna karatasi ya vipimo inayoweza kukujibia. DLP ya kijidude kimoja hutoa rangi kwa zamu, na baadhi ya watu huona vimulimuli vya nyekundu, kijani na bluu, hasa macho yakihama haraka juu ya maandishi meupe kwenye giza. Wewe unaweza usione kitu, na mwenzako wa sofa hilohilo akaumwa kichwa. Mpeleke naye akaitazame kabla hujalipa.