Je, wajua kwa nini wapiga picha wa Mida Creek huuliza kwanza leo mwezi wa angani umefika ngapi?

Ukienda Mida Creek, pale Watamu pwani ya Kenya, siku yoyote tu bila kupanga, kuna uwezekano mkubwa utapita lile daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko, ufike kwenye kibanda cha kuangalia ndege, utoe lenzi yako kubwa halafu uone tope. Tope mpaka kule mbali, na ndege ni vidoti ambavyo hata ukizoom vinabaki vidoti. Siku nyingine mtu anafika hapo hapo na kamera ya kawaida na ndege wamejaa mbele yake. Tofauti imetoka wapi?

Iko hivi. Ndege wa pale, sululu, vitwitwi na wenzao, chakula chao kiko ndani ya tope: minyoo, kaa wadogo, konokono. Maji yakipwa wanatawanyika kote manake uwanja ni mkubwa, kama kilomita za mraba 32 ukihesabu na mikoko. Maji yakianza kujaa uwanja unapungua, wanarudishwa nyuma kidogo kidogo kuelekea mikokoni, na aliyekaa kimya kibandani analetewa ndege na bahari yenyewe bila kumkimbiza hata mmoja. Kwa hiyo unataka maji yanayojaa, na yajae jioni, kwa sababu kibanda kiko upande wa bara, jua la jioni liko mgongoni kwako na ndege anamulikwa vizuri. Asubuhi jua linakupiga machoni, unapata maumbo meusi tu (kuna wanaoyapenda, mimi hapana).

Sasa hapo ndio mwezi unaingia. Mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na tano, jua na mwezi vinavuta bahari kwa mstari mmoja, tunapata bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, hapa pwani ya Kenya tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu kila kimoja kinavuta upande wake, maji yanajaa kidogo na kupwa kidogo, hayo ndiyo maji mafu. Wavuvi wanajua hayo kwa kuhesabu tarehe za mwezi tu, hawafungui simu.

Kitu ambacho wengi wetu hatukuambiwa ni kwamba bamvua ina saa zake na hazibadiliki sana mwaka mzima. Mwezi mpevu siku zote unafika utosini karibu saa sita usiku, mwezi unaoandama unapita na jua saa sita mchana, na bahari ya huku inafikia kujaa kama masaa manne baada ya hapo. Piga hesabu mwenyewe: bamvua inajaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na inakupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inachelewa dakika 40 mpaka 50 hivi, kwa hiyo siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo maji yanajaa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, na hizo ndizo jioni zako. Fika mapema, saa tisa na nusu uwe umekaa. Ukija siku za maji mafu, saa kumi jioni ndio maji yamekupwa, bahari iko mbali na ndio unapiga picha za tope.

Na mwanga wa huku haungoji mtu. Watamu iko digrii 3 tu kusini ya ikweta, jua linashuka karibu wima, ule mwanga wa dhahabu ambao Ulaya wanaweza kuupata kwa muda mrefu huku ndani ya nusu saa umekwisha.

Hiyo ni hesabu ya siku, mwaka nao una yake. Kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi ndege wageni wanarudi, na maarufu wao ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, Dromas ardeola kwa jina la kisayansi, ambaye kazi yake ni kula kaa. Anazalia pwani na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, anachimba shimo mchangani na kutaga yai moja humo, joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Halafu anakuja kwetu na mtoto wake, na mtoto huyo kashakuwa mkubwa lakini bado anamfuata mzazi akilia alishwe. Piga picha hiyo kuliko kundi zima likiruka.

Kaskazi ikishika, Desemba mpaka Machi, bahari imetulia, na jioni keremkerem wekundu wanaingia mikokoni kulala. Watalii wengi wanakuja hapo. Lakini mimi ningeambiwa nichague ningechukua mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, joto kali sawa, ila ndio wakati vitwitwi wale wa kijivu wanabadilisha manyoya kabla ya kuondoka, wengine vifua vinakuwa vyekundu vya kutu, maana wapo wanaokwenda kuzaa mpaka kaskazini kabisa Siberia. Wakati huo wanajaza mafuta ya safari, kwa hiyo wale wanaopiga makofi ili ndege waruke picha ipendeze wanamchomea mtu petroli yake bure.

Masika ikianza wameondoka, wanabaki vijana ambao hawajafikia kuzaa. Kusi inavuma, bahari inachafuka, mwani unajaa ufukweni, mahoteli kadhaa yanafunga. Kuanzia Julai nyangumi wanapita wakitoka bahari za Antaktika, ila kuwaona unahitaji boti na tumbo gumu. Kwa mandhari huu ndio msimu wangu, manake mbingu ya kaskazi ikifika saa nne ni bluu tupu haina kitu, ya kusi ina mawingu mazito yanayopita haraka. Bamvua ya asubuhi inapokupwa unatembea kwa miguu kutoka ufukwe wa Watamu mpaka kwenye vile visiwa vya mawe ya matumbawe vilivyoliwa chini vikabaki kama uyoga, na hapo simu inatosha kabisa. Ni ndani ya hifadhi ya bahari ya tangu 1968, kwa hiyo kuna kiingilio cha KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya. Vaa viatu, mawe yanakata, na ikifika saa sita uwe umesharudi mchangani.