Je, askari wa Roma walilipwa chumvi? Asili ya neno "salary"

Hudhuria semina yoyote ya uongozi, hukosi kuisikia: askari wa Roma walilipwa chumvi, ndiyo maana Waingereza huita mshahara "salary". Hadithi tamu, lakini hakuna maandishi ya zama hizo yanayosema askari walipimiwa chumvi kama ujira. Walilipwa sarafu. Wakati wa Kaisari Augustus askari wa kawaida wa legioni, yaani kikosi kikuu cha jeshi la Roma, alipata dinari 225 kwa mwaka, na Kaisari Domitian akazipandisha hadi 300. Tena malipo hayo yaliitwa stipendium, si salarium, neno la Kilatini lililozaa "salary".

Ukweli uliopo ndani yake ni huu: salarium limetokana na sal, yaani chumvi. Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliandika kwamba chumvi ilihusishwa na vyeo na utumishi wa jeshini, na jina salaria (wingi wa salarium) likatoka huko. Ilihusishwa vipi? Hakusema. Ile "posho ya kununulia chumvi" ni makisio ya wasomi wa baadaye, na kamusi zimekuwa zikinakiliana tu. Kutoka Kilatini neno lilipitia Kifaransa, likaingia Kiingereza katika karne ya 14.

Wengine hudhani basi hata "salt" ni mtoto wa Kilatini. Hapana, ni ndugu yake. Kiingereza cha Kale kilikuwa na sealt, Kijerumani kina Salz, Kirusi sol, na Kigiriki hals, kwa kuwa huko s ya mwanzo iligeuka h. Wote wamerithi mzizi *sal- wa Kihindi-Kiulaya cha Awali, lugha mama ya kale ya lugha hizo zote. Hiyo nyota si pambo. Inamaanisha neno halijakutwa limeandikwa popote, limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana na lugha mama hiyo. Kwa hiyo anayekuambia amelisoma kwenye jiwe la kale anakudanganya.

"Soldier" (askari) nalo huunganishwa na chumvi, bure kabisa. Limetoka kwa solidus, sarafu ya dhahabu ya Kaisari Konstantino.

Chumvi yenyewe imejificha jikoni, ambako hakuna anayeitafuta. Saladi ilianza kama mboga "zilizotiwa chumvi", na sosi na soseji zimetoka kwa salsus, neno lenye maana hiyohiyo. Mshahara wetu haumo katika ukoo huo: asili yake ni shahr ya Kiarabu, yaani mwezi.