Simu ndiyo somo wa siku hizi

Alikuja alasiri, baada ya sala. Kijana wa miaka 24, miezi mitatu tangu aoe. Aliamkia, akakaa, akanyamaza. Kazi ya ushauri nasaha hapa Chake Chake imenifunza kutokukimbiza ukimya wa mtu, kwa hiyo nikaendelea kupanga makaratasi yangu. Mwisho akasema, “Bi, nahisi mke wangu hanipendi. Hafanyi kama wanavyofanya.”

Nikamuuliza, “Kama wanavyofanya kina nani, mwanangu?”

Akaitupia jicho simu yake juu ya meza, kisha akainama.

Nimekichanganya kisa hiki na vingine viwili ili asitambulike mtu, maana Pemba ni ndogo. Lakini jibu alilonipa kwa swali langu la pili sikulibadilisha, kwa sababu nalisikia karibu kila mwezi. Nilimuuliza kama yeye na mkewe wameshawahi kuzungumza, kwa maneno, kuhusu kinachompendeza mwenzake na kinachomuumiza. “Hayo yanasemwa?” akanijibu. Miezi mitatu wamelala kitanda kimoja na hawajayasema hata mara moja.

Wazazi wakinialika kwenye mikutano ya skuli hutaka niwatajie video gani na programu gani zinaharibu watoto, ili wakazifute. Naelewa hofu yao. Ila ukiifuta video ukaacha ukimya ulivyo, kesho itaingia nyingine, kwa sababu nafasi yake iko wazi.

Mwaka 1973 wanasosholojia wawili wa Marekani, John Gagnon na William Simon, walitoa hoja ambayo mpaka leo ndiyo ninayoanza nayo nikifundisha. Walisema mwili una matamanio yake, lakini nani aanze, nini kifuate, nani akatae na akatae vipi, hayo yote mtu hujifunza kwa watu, kama mwigizaji anavyopewa mchezo wake kabla ya kupanda jukwaani. Asiyepewa mchezo huuokota popote anapoukuta. Kijana wangu aliuokota kwenye simu, chini ya chandarua, akiwa na miaka 14.

Sasa tazama mchezo aliouokota una nini. Picha za ngono hupigwa vipande vipande, zikakatwa na kuungwa. Waigizaji wakikubaliana nini kifanyike na nini kisifanyike, mapatano hayo hufanyika kabla kamera haijawashwa, na mtazamaji hayaoni. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza “nikuguse hapa?” Ni nadra zaidi kumsikia anayesema “ngoja, naumia,” na mwenzake akasimama kweli. Anayetazama miaka kumi anakuwa amejifunza miaka kumi kwamba mapenzi hayana swali wala jibu. Watu wengi hukasirishwa na uchi. Mimi linalonitia uchungu zaidi ni huo ububu.

Niseme na la upande wa pili, kwa haki. Tafiti nyingi huwauliza vijana wanachotazama na wanachofanya, zikakuta mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Kwenda pamoja si kusababishana: huenda kijana mwenye hamu zaidi ndiye anayetafuta zaidi. Kwa hiyo simwambii mzazi kwamba mwanawe akiona kitu fulani basi atakuwa mtu fulani. Namwambia kwamba atakuwa na maswali, na namuuliza nani atamjibu.

Wazee wetu hawakuwa mabubu. Walisema kwa njia zao. Mke aliyeudhika alijifunga kanga, na jina la kanga likasomwa na aliyelengwa. Kikuba cha asumini kifuani kilikuwa ujumbe, na moshi wa udi kutoka chumbani ulikuwa mwaliko. Ukumbini kwenye taarab mtu huinuka kwenda kutunza unapofika ubeti wake, na waliokaa wanajua anamwambia nani. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti ya mwanamke wa Kiswahili ikaingia majumbani na mikahawani ikieleza mapenzi, usaliti na dhuluma. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia mwanamke aliyenajisiwa na kuuawa, muuaji akakimbilia bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakatiwa hatiani. Watu waliuimba, na kwa kuuimba walilijadili jambo ambalo pengine wasingelitaja kwa kavu.

Zikaja filamu za Kihindi. Jumba la sinema la Majestic pale Vuga, mjini Unguja, lilifunguliwa mwaka 1955, baada ya sinema ya zamani ya Royal kuungua mahali hapohapo. Wakati ule posa ilikuwa kazi ya wazee, na kwenye pazia Raj Kapoor alikuwa anampenda aliyemchagua mwenyewe. Msinidhanie kwamba nasema zamani vyombo havikuwagusa watu, viliwagusa sana. Vilileta fikra kwamba mapenzi yatangulie ndoa, na fikra hiyo imekaa mpaka leo. Tofauti ninayoiona mimi iko kwenye namna ya kutazama. Mtu alikwenda na dada zake, na shoga zake, na mama yake mdogo, kisha wiki nzima uwani wanabishana: yule binti angemwambia babake mapema, yule kijana mwongo, yule mama mkwe ana haki yake. Yule aliyekuwa hajaolewa alikaa pembeni akichambua mchele na akisikiliza. Mafunzo yake aliyapata pale, kwenye ubishi ule.

Kuhusu hilo tuna ushahidi wa hapa kwetu Tanzania. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju na mahawara wake njiani, na mkewe Tunu aliyeachwa na mzigo wa nyumba. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka 1995, ili watafiti, akiwemo Everett Rogers, waweze kulinganisha. Uzazi wa mpango uliongezeka zaidi kule ulikosikika. Kilichonivutia mimi ni njia uliyopita: wasikilizaji walianza kuzungumza, mke na mume, na majirani. Redio iliwapa pa kuanzia. Ni rahisi zaidi kumwambia mumeo “umemsikia Mkwaju leo?” kuliko kumwambia “naogopa safari zako.”

Ndiyo maana tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili hazinitishi kama zinavyowatisha wenzangu wengi. Zina chumvi, ndiyo. Lakini zinatazamwa sebuleni. Mama na binti wakiwa pamoja, mama akauliza tu “wewe ungekubali mume anayekushikia simu yako hivyo?”, hapo amefanya kazi kubwa kuliko hotuba yangu ya saa nzima.

Kwa wanawake, nafasi ya somo, yaani kungwi anayemfunda biharusi, imechukuliwa na magrupu ya wasapu. Unalipa ada, unaingizwa, unasikiliza sauti za dakika kumi kumi usiku watoto wakishalala. Baadhi ya walimu wa humo ni weledi na nawaheshimu. Lakini somo wa zamani alimjua biharusi tangu alipovunja ungo, na kipindi cha fungate alikuwa karibu. Asubuhi ya pili biharusi aliweza kumwambia, nimeumia. Grupu halikujui. Na humo humo huuzwa shabu, lile jiwe jeupe kama chumvi, na dawa za kubana, jambo ambalo nalikemea waziwazi: shabu hukausha na kukwangua ngozi laini ya ndani, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa maradhi. Mwanamke anajiumiza ili apendeze, kwa kufuata sauti ya mtu asiyemwona.

Wala somo wa zamani simpambi. Alifundisha kumridhisha mume, na penye maumivu akasema vumilia. Mwanamme hakufundishwa kuuliza, si na kungwi, si na babake. Simu haikumpokonya mtu mafunzo hayo. Hayakuwepo.

Hapa wengi hunijibu kwa dini: mambo haya hayatajwi. Lakini sote tumekaa chuoni, tukisoma Kurani. Ni wapi tulikojifunza hedhi, janaba na namna ya kukoga, kwa majina yake, tukiwa wadogo, bila mwalimu kuona haya? Bi Aisha, mkewe Mtume, aliwasifu wanawake wa Kiansari, wa Madina, kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Ukimya wetu ni mazoea, na tumeuvisha kanzu.

Ukimya huo unawagharimu watoto kuliko watu wazima. Mtoto akiulizwa kilichompata husema “kanifanyia tabia mbaya.” Kwetu tabia mbaya ni kuiba embe pia. Magazeti na redio nazo hutumia “udhalilishaji” kwa kila kitu, kuanzia maneno ya njiani mpaka kubakwa, hadi msikilizaji hajui lipi limetendeka na uzito wake haufiki. Mtoto asiye na jina la kiungo chake hawezi kueleza alichofanyiwa, si kwa mama, si kituo cha Mkono kwa Mkono kinachowapokea waliofanyiwa ukatili, si mbele ya hakimu. Tena hapo muhali unaingia kati: mtendaji ni ami, ni jirani, tutaonana vipi msibani. Mfundisheni mtoto majina, na mfundisheni namba 116, simu ya bure ya watoto. Mafumbo ni mali yetu na nayapenda, lakini mtoto aliyeumizwa hapaswi kufumba.

Kuna jambo moja zaidi kwa wazazi. Mwaka 1983 Phillips Davison aliandika kwamba watu huamini vyombo vya habari huwaathiri wengine kuliko wao wenyewe. Nimeliona hilo kila mkutano. Baba anayeniomba niwaonye vijana huwa mwenyewe analala na simu mkononi, na mkewe ananiambia pembeni kwamba hawajazungumza tangu mwezi uliopita.

Nirudi kwa kijana wangu. Nilimwomba usiku ule simu ilale sebuleni, na amuulize mkewe swali moja tu. Akasema, “Bi, sina maneno.” Alisema kweli. Basi tukakaa nusu saa tukiyatafuta, mimi na yeye, maneno ya Kiswahili yasiyo matusi wala ya daktari. Hivi ni sawa? Nisimame? Unapenda nini? Aliyarudia kwa sauti ya chini, jasho likimtoka.

Wiki iliyofuata alikuja mkewe, peke yake. “Kaniuliza,” akasema.

“Ukamjibuje?”

Akajifunika uso kwa mtandio. “Nilimwambia aulize tena kesho.”